Mafuta ya Akiba: Kumngoja Bwana Bila Kudanganywa

Maandiko ya wiki: Mathayo 24:36–51, Mathayo 25:1–13, 2 Wathesalonike 3:6–13



Jumapili iliyopita, nilipomaliza kufundisha, dada mmoja wa kanisa alinifuata pale mlangoni akanionyesha simu yake. Kwenye simu kulikuwa na mhubiri anataja mwezi na tarehe ya kurudi kwa Bwana. Dada akaniuliza, "Mwalimu, nimeweka pesa kwa chama miaka miwili. Mwezi ujao ni zamu yangu, na nilikuwa ninunue ploti kule Kisaju. Sasa ninunue ama niache? Kama Yesu anakuja, ploti ni ya nini?"

Sikumjibu pale pale. Nilimwomba anipe wiki moja. Swali lake lilinigusa mahali pana kidonda, na leo nitawaonyesha hicho kidonda. Lakini kwanza tufungue Neno.

WOTE KUMI WALILALA

Mfano wa wanawali kumi tunaujua tangu Shule ya Jumapili. Wengi wetu tunaufundisha hivi: watano wenye busara walikesha, watano wapumbavu wakalala. Hebu soma tena Mathayo 25:5. Wote kumi walisinzia. Wote kumi walilala. Bwana arusi alipofika usiku wa manane, wote kumi walishtuka kutoka usingizini. Kwa hiyo tofauti yao haikuwa usingizi. Ilikuwa mafuta.

Sasa jiulize swali hili: kwa nini wale watano hawakubeba mafuta ya akiba? Si kwamba hawakuamini. Waliamini kabisa kwamba bwana arusi anakuja. Walitoka nyumbani, taa ziko mkononi, zinawaka. Walikosea hesabu moja tu: walidhani anakuja sasa hivi. Mtu habebi akiba kwa safari ya dakika kumi.

Wale wenye busara nao waliamini anakuja, lakini walijiandaa hata kwa kukawia kwake. Hapa Kitengela hatuhitaji mtu kutoka mbali atufundishe jambo hilo. Mwenye nyumba mwenye akili hangoji tangi likauke ndiyo apige simu ya bauza la maji. Anajua mfereji unaweza kukaa wiki bila tone, na maji ya kisima yana chumvi. Anajaza tangi, anajaza na jerikani za jikoni. Bauza likifika leo, sawa. Likikawia, watoto bado watakunywa.

Lakini kuna kosa la pili, na Bwana alilitaja kabla ya mfano huu, katika Mathayo 24:48–51. Ni la mtumishi aliyewekwa kuwatunza wenzake. Huyu alisema moyoni kwamba bwana wake anakawia, akaanza kuwapiga wenzake, na kula na kunywa na walevi. Bwana wake akarudi siku asiyoitazamia.

Kwa hiyo kuna watu wawili wasio tayari. Wa kwanza anasema, "Anakuja leo," na habebi akiba. Wa pili anasema, "Bado kuna wakati," na hatengenezi mambo yake. Mimi nimekuwa wa kwanza, kisha nikawa wa pili. Sikilizeni.

KESHA LA MWAKA 1999

Mwaka 1999 nilikuwa kijana wa kiwandani Athi River, nimepanga chumba kimoja cha mabati hapa Kitengela. Kitengela ya wakati huo si hii ya leo. Nyumbu walikuwa bado wanatoka mbugani Nairobi wakivuka hizi nyanda, na ukisimama kwenye barabara ya Namanga unaona mbali bila kuzuiwa na ghorofa.

Redio na magazeti yalikuwa yanazungumza juu ya kompyuta: kwamba zitashindwa kusoma mwaka 2000, benki zitakwama, stima itakatika. Mhubiri mmoja, jina lake silitaji, alichukua habari hiyo akaishona pamoja na kitabu cha Ufunuo. Akatuambia tarehe 31 Desemba ndiyo mwisho. Akatuambia pesa haitakuwa na kazi baada ya hapo, tuipande madhabahuni ingali ina thamani.

Sasa, ndugu yangu mkubwa alikuwa kule kwetu, upande wa Bissil, na ng'ombe wake. Binti yake wa kwanza alikuwa amefanya mtihani wa darasa la nane Novemba hiyo. Mtoto mwerevu. Ndugu yangu aliuza madume wawili sokoni, akanipa Sh22,000 nimwekee, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na benki. Ilikuwa karo ya kidato cha kwanza.

Wapendwa, niliipanda hiyo pesa. Si yangu, ya mtoto. Nilijiambia kwamba hakutakuwa na shule mwezi wa pili, kwa hiyo karo ni ya nini? Ni maneno yale yale ya dada na ploti yake.

Usiku wa tarehe 31 tulikesha. Tuliimba mpaka sauti zikaisha. Saa sita ya usiku ikapita. Saa nane. Saa kumi. Jumamosi asubuhi, tarehe 1 Januari 2000, jua likachomoza kama kawaida yake, na mama wa mandazi akawasha jiko lake. Mhubiri akasema hesabu ina marekebisho kidogo. Kabla ya Januari kwisha, ukumbi ulikuwa umefungwa na yeye hayupo.

Nilimwambia ndugu yangu kwamba nimeibiwa ndani ya matatu nikitoka Isinya. Mtoto hakwenda shule. Mwaka uliofuata akaolewa. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

KANUNGU NA SHAKAHOLA

Sikuwa peke yangu katika upumbavu huo. Kule Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kikundi kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu kilikuwa pia kimengoja mwisho wa dunia tarehe 31 Desemba 1999. Watu walikuwa wameuza mali zao wakaleta kwa viongozi. Tarehe ikapita na wengine wakaanza kuuliza maswali. Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada, likiwa limefungwa. Baadaye polisi walipata miili mingine imezikwa katika nyumba za kikundi hicho. Niliisoma habari hiyo gazetini, mikono inatetemeka. Mimi nilipoteza pesa ya mtoto. Wenzangu walipoteza watoto wenyewe.

Ningedhani Afrika Mashariki imejifunza. Lakini Aprili 2023 tukasikia Shakahola, msitu ulio ndani ya Kaunti ya Kilifi, upande wa Malindi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi, na uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Manusura walisema waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Paul Mackenzie, aliyekuwa mhubiri wao, alishtakiwa pamoja na wenzake na wakakana mashtaka. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Kazi yetu sisi ni kujiuliza, watu wenye Biblia mkononi walifikaje pale?

Msifikiri ni ujinga wa watu wasiosoma. Huko Marekani, William Miller na wafuasi wake walipiga hesabu kutoka Danieli 8:14, na maelfu wakamngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao shambani. Harold Camping alitangaza tarehe 21 Mei 2011 redioni, na ilipopita akasogeza mpaka Oktoba. Lakini huyu mzee mwaka uliofuata alikiri hadharani kwamba kutaja tarehe lilikuwa kosa na dhambi. Wachache wanaotaja tarehe hurudi kuomba msamaha.

Na sisi hapa Kenya tunapenda kuona ishara. Mwaka 2019 ilipokuja Huduma Namba, kuna waliosema ndiyo chapa ya mnyama. Wakaja nzige, ikaja korona, ukaja ukame uliomaliza ng'ombe hapa Kajiado, kisha mafuriko ya 2024. Kila mara mtu anasimama na tarehe. Bwana mwenyewe alisema mambo kama hayo yatatokea, na akatuambia tusitishike, kwa maana huo ni mwanzo tu wa utungu (Mathayo 24:6–8). Ishara ni za kutuamsha tuombe na tusaidiane. Hakutupa ishara tufungue kikokotoo.

KOSA LANGU LA PILI

Baada ya aibu ya 1999 nilikaa nje ya kanisa karibu miaka mitatu. Neema ikanipata tena. Nikaokoka kwa kweli, nikabatizwa, nikaanza kufundisha. Nimefundisha juu ya unyakuo mara nyingi sana katika kanisa hili. Nimepaza sauti nikisema Maranatha, nanyi mkasema ameni.

Lakini ule uongo wa matatu nilikuwa nao. Kila nikienda nyumbani kwa ndugu yangu, nakula chakula chake, nakunywa chai yake, nikirudi najiambia, "Nitamwambia. Krismasi. Mwaka ujao. Bado kuna wakati." Mwaka 2022 ukame ulipouma, ng'ombe wake wakaanguka mmoja mmoja. Nilimpelekea nyasi kavu na unga. Akanishukuru sana. Shukrani hiyo ilinichoma kuliko matusi, kwa sababu nilijua ninadaiwa.

Mnaona? Mdomoni nilikuwa nasema, "Bwana anakuja leo." Maishani nilikuwa namwambia Bwana, "Unakawia, na mimi nafurahia." Mtumishi wa Mathayo 24 ni mimi.

Habari za Shakahola zilipokuja, mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili aliniuliza, "Mwalimu, kwani mtu mzima anaweza kumdanganya mtoto kwa jina la Yesu?" Usiku huo sikula. Jumamosi nikapanda matatu, nikapita Isinya, nikapita Kajiado mjini, mpaka Bissil, kisha bodaboda mpaka bomani.

Nilimkuta ndugu yangu chini ya mti. Nikamwambia yote, bila kupunguza. Akanyamaza muda mrefu, anachora chini kwa fimbo. Kisha akasema, "Ndugu mdogo, dereva wa lile gari ulilosema uliibiwa ndani yake alikuwa wa boma la jirani. Nilimuuliza wiki hiyo hiyo. Nilijua."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema miaka hii yote?"

Akasema, "Nilikuwa nangoja uje mwenyewe."

Miaka ishirini na mitatu. Mimi nikidhani ninamngoja Bwana, kumbe ndugu yangu alikuwa ananingoja mimi. Tulilia kama watoto. Lakini aliniambia pia, "Mimi nimekusamehe zamani. Huyo binti ndiye wa kuuliza."

Nikaenda kwa binti. Sasa ni mama mzima, anauza maziwa. Alinisikiliza amesimama, hakunikaribisha kiti. Aliposema, alisema pole pole: "Baba mdogo, mimi siwezi kurudi kidato cha kwanza." Sikuwa na jibu, na sitawadanganya kwamba nililipata. Baadaye akasema, "Lakini kitinda mimba wangu yuko darasa la nane."

Mtoto huyo alifanya mtihani wa darasa la nane wa mwisho nchini, mwaka 2023. Januari 2024 alijiunga na kidato cha kwanza, na karo nikalipa mimi. Nikikosa chama, nikikosa soda, karo hiyo hailali. Si kununua wokovu. Wokovu ni kwa damu ya Yesu peke yake. Lakini Zakayo alipookoka aliahidi kurudisha alichochukua kwa hila, tena mara nne (Luka 19:8), na Yesu hakumwambia aache. Mama yake mtoto sasa hunipokea simu. Kiti bado hajanipa kwa moyo mweupe, na hilo nimekubali ni langu kulibeba.

BASI, KUWA TAYARI NI NINI?

Kuwa tayari ni kuishi kwa namna mbili kwa pamoja: Bwana akija usiku huu, hakuna unachomkimbia, na Bwana akikawia miaka arobaini, taa yako bado ina mafuta. Na hayo mafuta hayakopeshwi. Wale watano walijaribu kukopa, ikashindikana. Huwezi kuingia kwa maombi ya mke wako, wala kwa mafuta ya mchungaji wetu.

Naomba tushike mambo manne.

1. Maliza mambo yako na watu. Bwana alisema kama ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka pale madhabahuni uende mkapatane kwanza (Mathayo 5:23–24). Deni la duka, uongo wa nyumbani, mfanyakazi ambaye hujamlipa: hayo ndiyo maandalizi ya unyakuo.

2. Fanya kazi. Kanisa la Thesalonike kulikuwa na mafundisho ya haraka kuhusu siku ya Bwana, na kulikuwa pia na watu walioacha kazi wakazunguka kwa majirani. Paulo aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe. Peleka watoto shule. Mpeleke mgonjwa hospitali huku ukimwombea. Bwana akukute kazini.

3. Funga kwa hekima. Sisi ni watu wa kufunga na hatutaacha. Lakini mfungo wa Biblia una mwisho, na katika Isaya 58 mfungo ambao Mungu anaupenda unamgawia mwenye njaa chakula. Paulo ndani ya meli ya Matendo 27, watu wakiwa siku kumi na nne bila kula, aliwasihi wale ili wapone, akamega mkate mbele yao. Mtumishi wa Mungu huwaambia wenye njaa wale. Na mtoto mdogo hawekwi kwenye mfungo na mtu yeyote.

4. Pima kila mafundisho, yakiwemo yangu. Watu wa Beroya walimpima hata Paulo (Matendo 17:11). Ukisikia mtu anataja tarehe, ondoka, kwa maana siku na saa hiyo hakuna aijuaye ila Baba (Mathayo 24:36). Ukisikia anakuambia uuze vitu umletee yeye, ondoka. Ukisikia anakutenga na mama yako, mume wako, shule na hospitali, usingoje mwisho wa ibada. Ondoka, na uripoti kwa chifu au polisi kama kuna watoto ndani.

JIBU LANGU KWA DADA

Dada yangu, umengoja wiki nzima. Nunua ploti. Lakini kwanza nenda ofisi ya ardhi Kajiado uhakikishe hati, maana hapa kwetu matapeli wa ploti ni wengi kama wa tarehe. Ukijenga, acha chumba cha mgeni. Na kabla ya kulipa hata shilingi, jiulize kama kuna mtu anakudai. Mlipe huyo kwanza.

Bwana akija kabla hujamaliza msingi, utaacha mawe na saruji na hutalia. Akikawia, watoto wako watakuwa na mahali pa kulala, na wewe utakuwa na mahali pa kupiga magoti.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kati ya makosa mawili, "anakuja leo, sina haja ya akiba" na "bado kuna wakati," ni lipi linakusumbua zaidi? Kwa nini?
2. Je, kuna mtu ambaye umekuwa ukisema utamtafuta "mwaka ujao"? Wiki hii utafanya nini?
3. Mzazi akikuambia amemwondoa mtoto shuleni kwa sababu ya mwisho wa dunia, utamsaidiaje kwa upendo na kwa Maandiko?

OMBI

Baba, katika jina la Yesu, tusamehe tuliojifanya tunajua saa yako, na tusamehe tuliotumia subira yako kuficha dhambi zetu. Wafariji waliopoteza wapendwa wao Shakahola na Kanungu. Walinde watoto wa kanisa hili dhidi ya kila mwongo, hata akisimama kwenye madhabahu yetu. Utupe nguvu ya kupanda matatu wiki hii, kwenda kwa yule tunayepaswa kwenda kwake. Na ukija, utukute taa zinawaka. Ameni.

Maranatha, wapendwa. Tukutane Jumapili.